Mkaja Usingoje Siku ya Harusi



Siku chache zilizopita nilialikwa katika nyumba ya jamaa zangu hapa Mkoani. Wazee walikuwa wamekuja kuposa. Wanaume walikaa barazani, na sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, pazia likitutenga, lakini masikio hayana pazia. Mahari yakatajwa, kilemba cha baba kikatajwa, kisha mshenga akataja mkaja na ubeleko wa mama. Hapo kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Mkaja ndiyo nini? Au ni jina jingine la kuongeza bei?"

Wazee walicheka, mazungumzo yakaendelea, na swali la kijana likabaki bila ya jibu. Mimi jibu nilikuwa nalo, lakini hapakuwa mahali pangu pa kusema. Basi leo nitamjibu, na kama hasikilizi redio, nawaomba wenziwe wamfikishie salamu.

Mkaja, mwanangu, ni nguo ndefu anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Hukandwa kwa maji ya moto, kisha tumbo likakazwa kwa nguo hiyo ili lirudi mahali pake. Na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Wazee wetu waliona kwamba kabla ya kijana kumchukua binti ya watu, lazima kwanza akiri kwamba binti huyo hakuota kama uyoga. Yuko mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa, akaingia katika uchungu akiwa hajui kama atatoka, akafungwa mkaja, akakaa arobaini ndani, akambeba mtoto mgongoni mpaka akasimama. Kwa hiyo mkaja si bei. Mkaja ni kukiri deni.

Lakini deni hili tunalilipa lini? Tunalilipa miaka ishirini baadaye, siku ya harusi, kwa yule mama aliyesalimika. Na yule ambaye hakusalimika? Mkaja wake hulipwa nani?

Mimi nilizaliwa mwaka 1962, miaka miwili kabla ya Mapinduzi, katika kijiji kilicho kusini ya mji huu, mikononi mwa bibi mkunga ambaye alikuwa amezalisha karibu nusu ya kijiji. Nilimkuta na nilimjua vizuri. Hakuwa na mshahara. Akipewa kanga, au pishi ya mchele, au sabuni na sukari, na mara nyingine hakupewa kitu. Alipoitwa usiku aliwasha taa yake ya chemni akenda. Alimkanda mwenye uchungu mgongo, akamtia moyo, akamnywesha kombe lililoandikwa na mwalimu kwa zafarani, akampokea mtoto, akazika kondo la nyuma, akapika uji wa pilipili manga. Kisha akarudi kila siku kumkanda mzazi na kumwosha mtoto. Mwanamke aliyekuwa na bibi kama yule hakuwa peke yake hata saa moja. Nayasema haya mwanzo kwa sababu wako wasomi wanaodhani kwamba wakunga wetu walikuwa wajinga tu. Hapana. Walijua mengi, na lile la kumtuliza mwanamke walilijua kuliko wengi waliosoma.

Ila mkunga alikosa vitu vitatu. Hakuwa na dawa ya kuzuia damu, hakuwa na damu ya kuongeza, wala hakuwa na kisu cha kumtoa mtoto aliyekwama. Na mwanamke akipatwa na kifafa cha uzazi, alichoweza ni kumshika asijiumize na kumwomba Mungu.

Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka 12, alifariki mama yangu mdogo. Alikuwa ameolewa katika kimoja cha visiwa vidogo vya wilaya yetu. Jina la kisiwa sitalitaja, maana mtoto aliyemzaa usiku ule yu hai na huenda ananisikiliza.

Uchungu ulimshika baada ya magharibi. Usiku wa manane alijifungua salama, mtoto wa kike, analia kwa nguvu. Lakini kondo la nyuma likakawia, na damu ikaanza. Mkunga hakungoja. Alisema, "Mpelekeni spitali sasa hivi." Mume wake alikuwa dagoni, upande wa bara. Shemeji yake akasema yeye hawezi kumtoa mke wa mtu bila ya ruhusa ya mzee. Akatumwa mtu kumwamsha mzee, mbali kidogo. Mzee alipofika na kukubali, maji yalikuwa yamekupwa, na mashua imekaa juu ya mchanga. Wanaume wakamchukua juu ya kitanda cha kamba, wakapita nae katika matope ya mikoko mpaka kwenye mtumbwi. Upande wa pili hapakuwa na gari. Mtu akaenda kwa miguu kutafuta gari la karafuu. Mama mdogo alikata roho chini ya mwembe, jua limeshapanda, gari halijafika.

Matangani wazee walisema, "Ni kudra, na amekufa shahidi." Naam, hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwamba mwanamke afaye kwa uzazi hufa shahidi, na neno hilo lilitupa faraja. Lakini nilimsikia yule bibi mkunga akisema peke yake, huku ananawa mikono: "Kudra ni ya Mungu. Lakini maji kupwa yana saa zake, na sote tulizijua tangu jana."

Wasikilizaji, neno lile limekaa nami zaidi ya miaka hamsini.

Sasa tutazame nyuma kidogo, maana historia ina la kutufundisha. Wengi wetu tunadhani kwamba wanawake wa Ulaya hawakuwa wakifa kwa uzazi, kwa kuwa wao ni matajiri. Si kweli. Uingereza katika miaka ya mwanzo ya 1930 ilikuwa na reli, umeme na makoloni, nasi tukiwa chini ya himaya yake. Lakini katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai huko, kina mama zaidi ya 400 walifariki. Na wake wa matajiri hawakusalimika kuliko wake wa maskini. Kisha, kuanzia kati ya miaka ya 1930, zilipatikana dawa za salfa za kuua vijidudu, ikafuata penisilini, utaratibu wa kuongeza damu ukaimarika, na wakunga na madaktari wakafunzwa vizuri zaidi. Ilipofika 1950, vifo vile vilikuwa chini ya 100. Katika miaka kumi na tano tu! Wanawake wa Uingereza hawakubadilika maumbile, wala kudra haikubadilika. Kilichobadilika ni kilichokuwepo karibu na kitanda cha mwenye uchungu.

Mtu atasema, hao ni Waingereza. Basi tutazame kisiwa kingine cha minazi katika bahari yetu hii hii ya Hindi, yaani Sri Lanka. Katika miaka ya 1930 kisiwa hicho kilikuwa na vifo zaidi ya 2,000 kwa kila watoto 100,000. Serikali yake ikatawanya wakunga waliosomea mpaka vijijini, ikajenga hospitali ndogo ndogo, ikafanya matibabu kuwa bure. Ilipofika 1950 vifo havikufika hata theluthi ya vile vya mwanzo, na vikaendelea kushuka. Sri Lanka haikungoja kwanza itajirike.

Na msidhani kwamba daktari peke yake ndiye dawa. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa katika hospitali yenye wodi mbili za wazazi. Wodi ya madaktari na wanafunzi wao ilikuwa ikiua wanawake kwa homa ya uzazi kuliko wodi ya wakunga. Sababu ilikuwa mikono: madaktari walitoka kupasua maiti wakaingia kuzalisha. Alipowaamrisha kunawa kwa maji yenye klorini, vifo vikapungua sana. Wenziwe wengi walimpinga. Bibi yetu, ambaye hajapata kulisikia jina la Vienna, alikuwa akinawa.

Hapa kwetu huduma za uzazi za kisasa zilianza mjini Unguja. Chama cha Uzazi cha Zanzibar kiliundwa mwaka 1918, kikichangiwa na matajiri wa Kihindi na wa Kiarabu. Lilikuwa jambo jema, lakini la mjini. Mke wa mkulima wa mikarafuu wa Pemba, ambaye jasho lake ndilo lililojaza hazina ya nchi, alibaki na mkunga wake na taa yake ya chemni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 matibabu yalifanywa kuwa bure, na mwaka huo huo kundi la kwanza la madaktari wa Kichina likafika Zanzibar. Kwa miaka mingi madaktari hao wamefanya kazi hapa hapa Mkoani. Wako wanawake wengi Pemba walio hai leo kwa sababu ya mikono yao, na wengine waliwaelewa kwa ishara tu.

Hata hivyo hospitali ikiwa Mkoani, na mwenye uchungu yuko ng'ambo ya maji, hospitali hiyo ni kama nyota: unaiona, huifikii.

Februari 1987 ulifanyika mkutano mkubwa mjini Nairobi juu ya uzazi salama. Huko ilitangazwa kwamba kila mwaka wanawake wapatao nusu milioni hufariki duniani kwa sababu ya mimba na uzazi, karibu wote katika nchi maskini. Na mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua. Pili, kuchelewa kufika. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Niliposikia maelezo hayo mara ya kwanza, nilinyamaza kwa muda. Niliona wamemwandika mama mdogo. Shemeji anayengoja ruhusa: la kwanza. Maji kupwa na gari lisilokuwepo: la pili. La tatu yeye hakulifikia.

La tatu nimelifikia mimi. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nyumbani mwaka 1983, kwa bibi yule yule, na yote yakenda salama. Wa pili, mwaka 1986, nilikwenda kujifungulia katika kituo ambacho sitakitaja. Nililala peke yangu usiku kucha, mama yangu akakatazwa kuingia. Nilipolia nikaambiwa na muuguzi maneno ambayo siwezi kuyarudia redioni. Mtoto alizaliwa salama, lakini niliapa kwamba sirudi tena. Na kweli, wa tatu nilimzaa nyumbani, ingawa nilikuwa nimeshamwona mama mdogo alivyokufa. Naomba viongozi wa afya walifikirie hilo. Aibu ilikuwa na nguvu kunishinda mimi kuliko hofu ya mauti.

Wa nne, mwaka 1995, damu ilinimwagika nyumbani. Safari hii mume wangu hakungoja ruhusa ya mtu, kwani tulishakubaliana zamani. Gari la jirani lilikuwa limewekwa tayari. Hospitalini nikachomwa sindano, nikaongezwa damu ya kaka yangu, na mkunga mmoja wa makamo akanishika mkono mpaka asubuhi akiniita mwanangu. Nilipata yote mawili kwa pamoja: dawa ya hospitali na ubinadamu wa bibi yangu. Kumbe vinaweza kukaa chumba kimoja!

Tangu siku zile nchi imekwenda mbele, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa. Mwaka 2010 umeme wa uhakika ulifika Pemba kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Watu walifurahia televisheni. Mimi nilifikiria jokofu, maana damu huharibika bila ya baridi, na ile sindano ya kukaza mji wa uzazi baada ya kujifungua nayo huharibika kwa joto. Mwaka 2016 ilifunguliwa Hospitali ya Abdulla Mzee hapa Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China. Malaria, iliyokuwa ikiwanyonya wajawazito damu kabla hata ya kufika siku zao, imepungua sana Zanzibar tangu dawa mseto zilipoanza kutumika mwaka 2003 na vyandarua vikafuata.

Na Pemba yenyewe imeifundisha dunia. Kuanzia mwaka 2011 watafiti walifuatilia kisiwani kwetu watoto wachanga karibu 37,000 ili kujua kama kupaka dawa ya klorheksidini kitovuni kunapunguza vifo. Kulikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu dawa hiyo ilifaa katika nchi za Asia. Matokeo yaliyotangazwa 2016 yalionyesha kwamba hapa tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Wako waliovunjika moyo. Mimi nasema ni elimu: kitovu kikiwekwa safi na kikavu, bila ya kupakwa vitu, tumeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Unguja nako, kati ya 2009 na 2010, wajawazito walipelekewa ujumbe wa simu na namba ya kumpigia mkunga. Waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu walikuwa 60 katika kila 100, na wale wasiopata huduma hiyo walikuwa 47. Simu tu, wasikilizaji.

Kwa Tanzania nzima, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua ya kujivunia. Lakini 104 si namba tu. Ni nyumba 104 zenye mtoto analia na nguo ya mkaja imekunjwa haijatumika.

Najua wako wazee watakaosema, "Mbona sisi tulizaa nyumbani sote na tuko hapa?" Bibi zangu, shikamooni. Ni kweli mko hapa. Wasiokuwepo hawawezi kuja kutoa ushahidi wao. Tukiuliza waliovuka tu, kila bahari itaonekana shwari.

Wala simwambii mtu amdharau mkunga wa jadi. Namwambia mkunga awe mshindikizaji. Akae na mwanamke, amkande mgongo, amtie moyo, afuatane nae mpaka mlango wa hospitali, na mlango huo umfungulie. Akirudi nyumbani na mzazi, amfunge mkaja kama zamani.

Basi nije kwa yule kijana wa barazani. Mwanangu, umeuliza mkaja ni nini, nami nimekujibu. Sasa nakupa kazi. Mkeo akishika mimba, lipa mkaja wakati huo huo, usingoje bintiyo aposwe. Mpeleke kliniki mapema, na mara nyingine ingia nae. Weka fedha ya gari au ya mashua mahali panapojulikana, hata ukiwa dagoni. Toa ruhusa yako leo, mbele ya mama yako na ndugu zako, ili siku hiyo asitafutwe mzee wa kuamshwa. Kama mnaishi kisiwani, zijue saa za maji, na siku zikikaribia mlete akae kwa jamaa upande wa hospitali. Nenda wewe na rafiki zako mkatoe damu, kwa sababu damu hainunuliwi dukani na mwenye kuihitaji hana muda wa kungoja.

Na nyinyi wauguzi, watoto wetu, mkaja wenu ni ulimi. Mnachoka, mko wachache, tunajua. Lakini neno moja baya kwa mwanamke mmoja huwazuia majirani zake kumi wasije.

Na serikali mkaja wake ni barabara, boti la wagonjwa kwa visiwa vidogo, na mkunga aliyesomea katika kituo kinachofunguliwa usiku. Mtoto hachagui saa za kazi.

Yule mtoto wa mama mdogo aliolewa miaka mingi iliyopita. Siku ya posa yake mkaja ulitajwa kama kawaida, na pakawa kimya, maana hapakuwa na mama wa kuupokea. Mwishowe alipewa yule bibi mkunga, kwa kuwa ndiye aliyempokea. Aliishika ile nguo mapajani, akaipapasa, akasema kwamba haikuwa yake.